Nyati wa Shamba la Kijiji

Mume wangu alikuwa na shabaha. Kwenye mafunzo ya mgambo alitoboa kila kopo alilowekewa, na aliporudi nyumbani majigambo yake hayakutuacha tulale. Kijiji kilipopewa bunduki ya kulinda mazao, nani mwingine angekabidhiwa? Aliisafisha kila jioni. Nilimwambia laiti angemwogesha mtoto kwa bidii ile.

Baba yangu, mwindaji wa mishale, alikuwa amehamishiwa kijiji hicho hicho cha ujamaa. Yeye hakujisifu kwa kulenga. Mshale haufiki mbali, alisema, kwa hiyo kazi ni kumsogelea mnyama: ujue upepo unakotoka, usubiri ageuke akupe ubavu, na asipogeuka urudi nyumbani mikono mitupu. Maneno hayo aliniambia mimi. Mume wangu mwenyewe, baba asingeweza kumwambia, maana kwetu mkwe ana heshima yake, hakosolewi ana kwa ana. Nilipoyafikisha, mume wangu alicheka. "Mwambie mzee risasi haichagui ubavu."

Kisha nyati mmoja dume, mzee aliyefukuzwa na kundi, akazoea mtama wa shamba la kijiji. Alitufukuza mtoni tukaacha ndoo zetu. Mwenyekiti akaamua auawe: mume wangu apige, baba afuate nyayo.

Walimkuta ukingoni mwa kichaka. Nyati aliinua kichwa akawatazama. Mume wangu alilenga katikati ya paji la uso, na risasi ikapiga pale pale alipolenga. Lakini pale ndipo pembe zinapokutana, na mfupa wake ni mgumu kama jiwe la kusagia. Nyati alipiga magoti, akainuka, akaingia kichakani akivuja damu. Kabla ya mlio, baba alikuwa ameona kwamba nyati hajageuka, akanyamaza. Ukwe ulimfunga mdomo.

Wawindaji wetu wana desturi yao: mwenye damu ya kwanza ndiye mwenye mnyama. Ngozi ni yake, mkia ni wake, na mnyama akikimbia na jeraha, yeye ndiye wa kutangulia kumfuata. Wanaume wote wakamgeukia mume wangu. Aliogopa, hakupiga hatua; aliniambia mwenyewe. Baba akashika upinde wake. "Nyayo nimepewa mimi," alisema, akatangulia.

Sisi wanawake tulikuwa tumesikia mlio wa kwanza. Kimya kikawa kirefu. Ukaja mlio wa pili, halafu kelele, na mtu akaita kutoka ng'ambo kwamba kuna aliyeumizwa. Tulikimbia, mimi nikiwa na mtoto mgongoni. Kwa mbali tukaona wanaume wamebeba machela ya miti na blanketi. Aliyelala sikumtambua. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: asiwe mume wangu. Baba hakunijia akilini hata kidogo.

Ndipo nikaona shati la kaki la mume wangu. Alikuwa miongoni mwa wabebaji, anatembea kwa miguu yake. Nikapiga vigelegele. "Asante Mungu! Ni mzima! Ni mzima!" Nilicheza pale njiani, mtoto akirukaruka mgongoni, na nilishangaa kwa nini wenzangu hawaniitikii.

Machela ilipofika nikamwona baba, paja limepasuliwa, macho wazi. Nyati alikuwa juu yake mume wangu alipompiga mnyama risasi ya pili ubavuni, akaanguka. Baba alikuwa amesikia kila kigelegele changu. Nilipiga magoti vumbini. "Baba, pole. Nisamehe, baba."

Akanishika mkono. "Nyamaza, mama. Hata mimi nilipoingia mle nilimwomba Mungu hivyo hivyo, huyu wako atoke mzima."

Alisema ili anifariji, na maneno hayo ndiyo yanayoniumiza kuliko yote. Aliishi miaka mingi baadaye, akichechemea, asiweze tena kuwinda. Kila nilipompelekea uji alinipokea kwa furaha, akauliza habari za mkwe wake. Vigelegele vyangu hakuvitaja. Laiti angenigombeza, hata mara moja.