Mama Mkwe Anataka Nirudishe Kamera Kwa Kibanda Chake

Admin, ficha jina yangu, ficha na rangi ya pikipiki, juu hapa Nyanchwa watu wananijua hata kwa vile napiga honi. Mimi ni boda, miaka thelathini na nne, bibi mmoja, watoto wawili. Shule niliachia darasa la sita na mwalimu akafurahi kuliko mimi. Kazi yangu nyingine ni kuchekesha watu, lakini hii wiki nimeshindwa hata kujichekesha.

Kuna ile app ya ramani yenye sisi watu wa kawaida tunajaza wenyewe. Barabara ikifungwa unaweka, wenzako wanaona. Kamera za mwendo zilipoletwa kwa barabara yetu ya Kisii kwenda Nyamira, mimi ndio niliziweka. Na hizi si zile za kushika mtu mahali moja. Ziko mbili. Ya kwanza inaandika saa umepita, ya pili inaandika saa umefika, halafu zinapiga hesabu. Ukifika haraka sana, ulikuwa unapaa, faini inaingia kwa simu. Watu walikuwa hawaelewi. Wanapunguza mwendo kwa kamera, wakishapita wanapaa tena, halafu wanashangaa faini imetoka wapi. Nikaenda na pikipiki polepole, nikaweka doti ya mwanzo, nikaweka doti ya mwisho, nikaandika maelezo. Madereva wakaanza kuniita Injinia. Mimi wa darasa la sita! Nikisikia hiyo jina nilikuwa natembea kama nimemeza fimbo.

Sasa sikieni wenzangu walifanya nini. Walipoelewa hiyo hesabu, hawakupunguza mwendo. Walipaa vile vile, lakini wakikaribia kamera ya mwisho wanapaki kando, wanangoja saa isonge. Na hapo wanapaki, kabla ufike Kebirigo, ndio kibanda cha mama mkwe wangu. Chai, mandazi, mahindi ya kuchemsha. Mama alianza na thamosi moja. Muda si muda akaweka mabenchi, akapiga mabati mpya. Bibi yangu akawa anaenda kumsaidia. Hata kuku nilikuwa nachinjiwa nikienda kusalimia.

Halafu wenye kamera wakakuja, wakatoa ile mashine ya mwisho, wakairudisha nyuma kwa kona yenye unapita kabla ufike kibanda, katikati ya miti ya blugamu. Mlingoti wa zamani wakauacha pale umesimama tupu, karibu na kibanda. Niliwaona na macho yangu nikiwa nimebeba mteja. Nikasimama, nikatoa simu, nikasogeza doti.

Jioni nikaambia bibi yangu. Akaweka mwiko chini.

"Baba Dan, na wewe unajifanya nani? Hiyo doti ndio inalisha mama."

"Mama Dan, saa hii mtu akifika kwa mama ameshashikwa kitambo. Anakaa kungoja nini? Chai ya rambirambi?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Baada ya siku kidogo nikaona madereva hawanipungii mkono. Jirani yangu mmoja wa teksi, nimwite Ombati, akanisimamisha hapa Nyanchwa mbele ya mbogi yote, wenzangu wote wa stage.

"Wewe ni injinia wa kamera ama injinia wa chai?"

"Kwani nini, Ombati?"

"Nimekula faini nikifuata ramani yako! Si ungeniambia tu mama mkwe wako anatafuta wateja? Ningeenda pole pole ninunue mandazi yote."

Watu wakacheka mpaka mmoja akaegemea pikipiki yangu. Mimi nikafungua simu. Doti imerudi kwa kibanda, na chini imeandikwa ni mimi nimeirudisha.

Kufika nyumbani nikamuuliza bibi yangu, hakukataa. "Niliirudisha ukioga. Umesaidia kila mtu wa hii barabara, mama yangu ndio amekushinda?"

Nikasogeza doti mara ya pili, nikabadilisha pini ya simu. Nilipotoka kazini siku iliyofuata, nyumba ilikuwa na mimi na paka. Bibi amebeba watoto ameenda kwa mama yake.

Nikamfuata mpaka kwa kibanda. Sasa nyinyi wenye si Wakisii, wacha niwaelezee. Kwetu kuna ensoni. Mama mkwe humuangalii machoni, humjibu, humpandishii sauti. Nikakaa kwa benchi la mwisho kama mteja. Mama akanipa mgongo, anakoroga chai, akaongea na bibi yangu ndio mimi nisikie.

"Mwambie baba watoto mimi sina neno na yeye. Akuje tu Jumapili, wazee wakiwepo, arudishe hiyo kitu yake mahali ilikuwa, abebe watu wake waende."

Kabla nimeze mate, Ombati akapaki pale. Ramani yangu haamini tena, sasa anafuata ule mlingoti tupu, anadhani kamera bado iko hapo na ile faini ilimpata juu alingoja kidogo. Akashuka akifurahi, "Leo nimepaa, mama! Wacha nikunywe vikombe viwili ndio nipite na heshima."

Ameshashikwa kule kwa kona, na hajui. Nikafungua mdomo. Bibi yangu akaniangalia. Mama mkwe hakugeuka, lakini kijiko kilisimama kwa sufuria. Nikafunga mdomo. Ombati akakunywa vikombe vyake viwili, akalipa, akanipiga bega, "Leo sikudai kitu, Injinia." Akaenda. Dan wangu alikuwa amekaa hapo kando yangu. Juzi tu nilikuwa namfundisha hiyo hesabu ya kamera nikitumia vijiti. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, mbona hukumwambia?"

Jumapili ndio hiyo imefika. Nikirudisha doti, napata bibi na watoto, na kila mtu atakayeniita Injinia nitasikia amenitukana. Nikikataa, nabaki na ramani ya ukweli na sufuria ya ugali wa mtu mmoja. Na kusema hapana mbele ya mama mkwe, mdomo wangu umeshakataa mara moja. Nyinyi wenye mna wakwe, msinicheke kwanza, nielekezeni. Wazee wakiniangalia na simu iko kwa mkono, hiki kidole nikiweke wapi?