Chupa ya Joram

Wamalwa alipiga gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, mpaka mtu aliyetumwa chumvi anasahau chumvi. Mchana alichonga mawe kwenye machimbo ya Kitengela. Jumamosi jioni vidole vile vile vyenye sugu vilitembea kwenye nyuzi bila haraka. Lakini hakupiga peke yake, tuseme ukweli. Kando yake aliketi Joram, kaka ya mkewe Elsie na mchonga mawe mwenzake, na chupa ya Fanta yenye mifereji na msumari wa inchi nne. Tiki-ti, tiki-ti. Watu wa magharibi ya Kenya wanaijua kazi ya chupa hiyo: siku Joram asipokuja, wimbo ulichechemea.

Mwaka wa 1997, Lesiamon, mfanyabiashara wa Namanga, akaleta gitaa la stima. Jekundu, linang'aa! Alitaka apewe lile kavu, na beberu mmoja juu yake.

"Shemeji, chukua hiyo ya stima ukitaka," Joram akamwambia. "Lakini hii kavu usitoe. Mwambie utampa mbuzi wawili."

"Niko na mmoja tu."

"Si ungoje mwingine akue?"

Wee! Nani angemwambia Wamalwa angoje? Bendi ya kanisa ilikuwa imeshamwita, na harusi za mpaka Kiserian zilikuwa zinamsubiri. Akatoa gitaa, akatoa na beberu.

Jumapili ya kwanza kanisani, Joram alivaa koti lake la harusi, akaketi mahali pake pa siku zote, akaanza kugonga. Spika za gitaa jekundu zilikuwa zinanguruma, kinanda nacho kinapiga ngoma chenyewe. Wamalwa, aliyekaa karibu naye hivi, aliona mkono tu ukipanda na kushuka. Jumapili ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, Joram alikaa nyuma na waumini, mikono mapajani. Na hapa sitamfichia Wamalwa: alishukuru. Ile chupa ilikuwa inamtia aibu mbele ya mitambo.

Hawakugombana. Wakikutana steji ya matatu au buchani, Joram alisema, "Siku moja tutapiga ile yetu, shemeji." Wamalwa akajibu, "Tutapiga tu." Miaka saba ya tutapiga tu, jamani!

Mwaka wa 2004, vumbi la machimbo likawa limemmaliza Joram kifua. Akawa mtu wa kitandani.

"Baba Shirleen," Elsie akasema, naye hakuwa anacheka, "kaka yangu ameuliza tena utaenda lini kumpigia."

Wamalwa akakimbia Namanga kuomba lile kavu hata kwa siku moja. Lesiamon akamtazama kwa huruma. "Hiyo ilivuka mpaka zamani, rafiki yangu. Hata sikumbuki nilimpa nani." Basi akabeba lile jekundu na spika yake ndogo, akaenda kwa Joram mchana wa Jumamosi.

Alipofika, akatafuta ukutani pa kuchomeka waya. Hapakuwa na kitu. Ploti nzima ya vyumba vya kupanga haikuwa na stima, na haikuwahi kuwa nayo. Hakujua, kwa sababu Joram alikuwa amehamia pale miaka miwili nyuma, na yeye hakuwa amekanyaga mlango ule hata mara moja. Aibu ilimshika mpaka masikioni.

"Piga hivyo hivyo," Joram akasema.

Akapiga. Gitaa la stima bila stima ni sauti ya mbu. Joram akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa chupa na msumari, akagonga mara moja. Ting! Chupa ikameza gitaa lote. Joram akamtazama shemeji yake. Kisha akaweka msumari chini, akaifunga chupa kwa leso, akaanza kuigonga kwa ukucha, taratibu, kichwa amekiinamisha karibu na nyuzi.

"Endelea, shemeji," akasema. "Sasa nakusikia."

Wamalwa akaendelea, machozi yakimwangukia mkononi. Kwenye lile gitaa jekundu, chini tu ya kidole chake kidogo, kulikuwa na kitufe cha kupunguza sauti. Kilikuwa hapo miaka yote saba, na hakuwahi kukigusa.