Amina ya Wekoye

Wekoye alijifunza mieleka jeshini, huko Ceylon, wakati wa vita. Aliyemfundisha alikuwa sajini mmoja Mwingereza, Hadley, ambaye kwao alikuwa akipigana jukwaani uso ameufunika kwa kofia nyeusi yenye matundu ya macho. Yeye ndiye aliyekuwa mbaya wa mchezo. Aliuma, alichokoa macho, alimpiga mtu aliyekwisha kuanguka, na ukumbi ulijaa watu waliokuja kumzomea tu.

Vita vilipokwisha, Hadley alipata shamba nje ya Kitale, lakini moyo wake haukuwa kwenye mahindi. Mwaka wa 1948 alimwita Wekoye, akamwambia kwamba magoti yake yamechoka na kofia ile inataka kichwa kingine. Sharti lilikuwa moja: asijue mtu yeyote aliyemo ndani, hata mama mzazi.

Nyumbani Mabanga, Wekoye alisema anaendesha trekta ya mzungu. Ilikuwa kweli, isipokuwa Jumamosi. Mpinzani wake alikuwa Kiptanui, kijana mrefu mwenye tabasamu. Wawili hao walifanya mazoezi ghalani na kupatana nani aanguke wapi, na siku zote mshindi alikuwa Kiptanui. Wekoye alizomewa Kitale, akazomewa Kiminini, na akaipenda kazi hiyo kuliko alivyotarajia. Ndani ya kofia alifanya kila alichokatazwa tangu utotoni, na hakuna aliyeumia.

Agosti ya mwaka wa 1950 walicheza kiwanjani karibu na Kanduyi. Wekoye alikuwa amemkalia Kiptanui mgongoni, akimvuta masikio, alipomwona baba yake mstari wa mbele. Mzee Jotham alikuwa mzee wa kanisa. Wenzake walikuwa wakirusha maganda ya miwa. Yeye alisogea taratibu hadi kwenye kamba.

"Kijana," alisema kwa upole, "ni nini kilikufanya uwe hivi?"

Wekoye angejibu, sauti ingemsaliti. Umati ulikuwa ukingoja. Basi akafanya lile ambalo mbaya hufanya: akatema mate, yakaangukia kiatu cha mzee. Watu wakanguruma kwa hasira. Jotham alikifuta kwa jani, akarudi kuketi.

Juma lililofuata Wekoye alikwenda nyumbani. Asubuhi, kabla ya watu kwenda shambani, baba yake aliombea mvua, akaombea wagonjwa, kisha akamwombea mtu mmoja aliyefunika uso, Bwana amrudishie moyo wake. Wote wakaitikia amina, Wekoye naye. Ikawa hivyo kila alipokuja, karibu miaka miwili. Kila mara alidhamiria kusema. Habari ya kofia angeweza kuieleza. Ya mate ilimshinda.

Aprili ya 1952 Jotham alishikwa na kichomi. Wekoye alimkuta hospitalini Bungoma, amekonda, akiulizia kwato lililoumia la ng'ombe wake.

"Baba," Wekoye alisema, "yule mtu wa mieleka..."

"Bado anapigana?"

"Ameacha," Wekoye alisema.

"Basi Mungu ni mwema," Jotham alisema, akafumba macho kwa furaha. Alifariki siku ya tatu.

Baada ya mazishi Wekoye alimrudishia Hadley kofia yake. Hadley alikasirika, akambembeleza, akakata tamaa. Kisha Wekoye akamweleza mama yake, Wilkista, mambo yote. Mama alikuwa akipepeta maharagwe, akauweka ungo chini.

"Ulimnyima kicheko," alisema. "Angelicheka mpaka alie. Mimi nilimjua."

Hadley alipata mtu mwingine. Mwaka uliofuata Wekoye alikwenda Kiminini kutazama. Mtu wa kofia nyeusi alipoingia, watu wote kando ya Wekoye waliinuka kuzomea, na mwanamke mmoja akamsukuma kwa kiwiko, akamwuliza kwa nini yeye ananyamaza. Wekoye aliondoka kabla Kiptanui hajashinda.