Mbuzi wa Kikao cha Shule

Kwetu Nyarubungo kikao kisicho na nyama hakina watu, na mpishi huwa ni mimi. Nina mdomo, basi wazee wanadhani nikishika mwiko nitanyamaza. Hawanijui.

Siku hiyo shule ya kanisa letu ilitaka maoni ya wananchi. Darasa la kwanza limefurika, wakasema, kwa hiyo kuanzia mwakani watapokelewa kwanza watoto waliobatizwa, na wengine wangoje nafasi zikibaki. Nafasi zibaki wapi? Hata makombo hayabaki kwetu.

Mbuzi alifungwa kwenye nguzo ya goli, na kama kawaida akaitwa mchinjaji, jirani yangu, Mwislamu. Akichinja yeye wote tunakula, hakuna wa kumeza mate pembeni. Ndiye aliyechinja kwenye harusi zetu zote, hata Krismasi. Aliyemwita hakukumbuka kwamba binti mdogo wa mchinjaji anamaliza chekechea palepale, na kila asubuhi anamuuliza baba yake sare ya darasa la kwanza itanunuliwa lini. Shule nyingine iko ng'ambo ya mto, na masika mto ule haupitiki.

Alifika na kisu kimeviringishwa kwenye gunia, akasalimu, akaketi benchi la nyuma. Nikamwambia maji yanachemka. Akanijibu kwa upole kwamba atasikiliza kwanza.

Wazee wakasifu ubatizo, wakausifu tena, ila kila msemaji akifika kwenye kukata shauri alimwangalia mbuzi, akamwangalia mchinjaji, akaketi. Jua likapita utosini. Mchungaji, mgeni bado kwetu, akaja jikoni kuuliza kwa nini hasikii harufu ya nyama. Nikamwambia mchinjaji yuko kikaoni. Akauliza kama hakuna kijana mwingine wa kuchinja. Nikamwambia wapo, lakini mwenyekiti wa kijiji naye ni Mwislamu, hataila nyama hiyo, na mimi sitaipika.

Hatimaye mzee mmoja wa kanisa akapata dawa: binti wa mchinjaji aingie, maana huyu ni mtu wetu. Tukapiga makofi. Nami nilipiga, njaa ilikuwa imenishika, nikaanza kukunja mikono ya blauzi.

Mchinjaji akasimama.

“Shikamooni wazee. Nimeshukuru. Lakini jirani yetu wa bondeni naye ana mtoto wa kuanza shule, na nyumbani kwake hakuna aliyebatizwa. Yeye hajui kuchinja. Wake ataingia kwa kazi gani?”

Makofi yangu yalinichoma viganjani. Niliona aibu, kisha nikakasirika kwamba si mimi niliyesema, na mdomo huu wote.

Mchungaji akasogea mbele. Akasema wapokelewe kwanza walio karibu na shule, wa dini yoyote na wasio nayo. Akauliza nani anapinga. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mchinjaji akaomba uamuzi urudiwe kwa Kisubi, lugha yetu ya nyumbani, bibi zetu wasikie vizuri, ndipo akafungua gunia.

Tulikula jioni. Yule wa bondeni hakuwapo, hakujua hata kwamba alitajwa. Nikamfungia nyama kwenye jani la mgomba, nikateremka nayo.

Akaipokea kwa mikono miwili, akauliza ni sherehe ya nani.

Nikamwambia, “Ya mwanao.”