Bunduki ya Boti na Bata wa Mama

Leo Baba ameaibishwa na bata mbele ya mzungu! 😂

Ndugu yangu Wafula hupika kwa boti ya mzungu, wanazunguka bahari. Amepiga simu ya video huku nyumbani Tongaren, mzungu akiwa kando yake. Ati huyo mzungu, kapteni wake, anataka bunduki ya kujilinda na maharamia, sisi tunaonaje?

Mama akakataa kabisa. "Hiyo italeta matanga."

Baba, aliyekuwa askari wa geti Kitale, akasema wanunue. Si akashika fimbo atuonyeshe kulenga!

Bata bukini wa Mama, mlinzi wa hii boma, hapendi fimbo. Amemuuma Baba makalio, mzee akapanda juu ya tangi ya maji.

Kapteni amecheka hadi akalia. Bunduki hataki tena, anataka bata.

Mama akamjibu: "Bata haendi popote. Baba Wafula mnaweza chukua."