Kofia ya Dewitt

"Joto?" nikamwambia mdogo wangu Orlean, mwiko mkononi. "Joto gani mwezi wa pili, katikati ya baridi? Jana pale uwanjani hata vyura wa mtoni walikuwa wamevaa soksi!"

"Mjukuu wangu Dewitt alivua kofia kwa sababu alisikia joto, dada. Usimzulie mtoto wa watu."

"Nimzulie? Nimeona kwa macho yangu haya."

"Macho hayo hayo yaliyomwona kambare akivuka barabara na mwavuli?"

"Kwani siku hiyo mvua haikunyesha?"

Mjukuu wangu Lamarcus alikaa pembeni mwa jiko, barafu begani. Jana alirusha mpira wa besiboli kwa mara ya kwanza akiwa chuoni. Mwaka wa kwanza tu, na kocha akampa mechi aianzishe yeye, heshima ambayo wageni hawapewi. Maana mpira wake wa kupinda si mchezo. Siku moja aliurusha hapa uani, ukazunguka kanisa, ukarudi ukaomba maji ya kunywa. Nani angeugusa? Basi jana waliugusa wote. Waliupiga mpaka nikauonea huruma. Kocha akamtoa, akamwambia Jumamosi ijayo atakaa benchi, na huenda msimu mzima.

Sasa, Lamarcus ana kitabia kimoja. Akitaka kuupinda mpira hujaza hewa shavu la kushoto, kidogo tu. Hata mama yake hajui. Nje ya nyumba yangu anajua mmoja, aliyemdakia mipira tangu wakiwa na meno ya utoto: Dewitt wa Orlean. Waliapa kwenda chuo kimoja, kisha Dewitt akaenda kwa wapinzani. Na jana alikuwa kwenye benchi lao, wala hawakumchezesha. Shavu likijaa, kofia inavuliwa. Shavu, kofia. Shavu, kofia. Na mwenye rungu wao, akishajua mpira unaokuja utapinda, anatabasamu.

"Bibi, acha," Lamarcus akasema. "Dewitt hawezi. Ni ndugu yangu."

"Umesikia?" Orlean akadakia.

"Nimesikia. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kimevaa kofia!"

"Kama ni adui, mbona umepakua sahani nne?"

Nikatazama meza. Nne kweli. Kila Jumapili mtoto yule hula kambare wangu. Mkono ulipakua bila kuniuliza. Nikaichukua ile ya nne nirudishe samaki kikaangoni. Lamarcus akaishika.

"Iache, Bibi. Nitamuuliza mwenyewe. Akisema ni joto, nitamwamini."

Mlango ukafunguliwa bila hodi, kama kila Jumapili. Dewitt akasimama kizingitini, kofia ya chuo chake kichwani, akaiona barafu.

"Shikamoo, Bi—"

Lamarcus hakuuliza kitu. Alimkazia macho, akajaza shavu la kushoto.

Mkono wa Dewitt ukapanda wenyewe, ukashika kofia, ukakwama hapo hapo. Kambare aliyebaki kikaangoni akaanza kuungua, na hakuna aliyemgeuza.