Jiwe Ndani ya Githeri

Siku niliyoenda kuonwa na mama ya mchumba wangu, nusu ya mdomo wangu ilikuwa imelala. Jino lilikuwa limenisumbua sana, kwa hivyo asubuhi nilipitia kwa daktari wa meno Kericho, akanidunga sindano ya ganzi na kuliziba.

"Usitafune kitu mpaka uhisi mdomo," aliniambia. "Kuzunguka mizizi ya meno kuna neva ndogo. Hizo ndizo huambia taya: bonyeza, punguza, simama. Za upande huu zimelala."

Nilicheka. Kumbe hata kutafuna kunangoja kuambiwa! Kichwa changu kilikuwa kimejaa harusi, na kanyumba ketu kenye maua dirishani.

Mama huyo anauza nafaka Sosiot. Watu wake walihamia huku kutoka Nyeri. Mchumba wangu alikuwa amenionya: mama hana shida na sisi Wakipsigis, ila anasema wasichana wetu hudharau githeri. Kaka ya mchumba wangu alimleta mmoja nyumbani, huyo msichana akachokoachokoa sahani, akaomba chai. Hakuitwa tena.

Sahani yangu ikaja imejaa githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, hadi juu.

"Kula, msichana. Ama kwenu ni maziwa tu?"

"Nakula, mama."

Nilitafunia upande usio na ganzi, lakini punje zilihamia ule uliolala na sikujua ziko wapi. Nilibana meno bila kujua nimebana kiasi gani. Hiki ni chakula ama ni shavu langu? Mama hakuniondolea macho. Mchumba wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Kisha, kraak! Sebule yote ilisikia. Siku nyingine taya lingefunguka lenyewe kabla hata sijawaza jiwe. Siku hiyo jino halikuniambia kitu, nikaendelea. Kraak tena.

Mama aliweka kijiko chini. "Kai! Hiyo ni jiwe?"

Nilitema kiganjani. Vijiwe, na damu. Shavu nalo nilikuwa nimeliuma.

Uso wake ulilainika. "Umetafuna jiwe yangu ukanyamaza, ndio usiniaibishe?"

Ningenyamaza tu, nipendwe. Lakini kwa hiyo miaka yote ya ndoa niliyokuwa nikiiota, ningemwangaliaje usoni?

"Hapana, mama. Sikuhisi. Nimedungwa ganzi ya jino."

"Na ukakubali sahani imejaa hivi?"

"Niliogopa utasema nimedharau githeri yako."

Akamgeukia mwanawe. "Ni wewe umemwambia hayo?"

Mwanawe aliinamia chakula chake kama hajasikia. Mama alichukua sahani yangu, akaingia jikoni. Nilisikia kitu kikipondwa kwa nguvu. Nilijua nimeshafukuzwa.

Aliporudi, githeri ilikuwa imepondwa pamoja na viazi, laini kabisa. Akaketi karibu nami.

"Hii haitaki meno. Kula polepole. Na Jumamosi ukuje unisaidie kuchagua mawe kwa mahindi."

Ganzi iliisha nikiwa bado mezani. Maumivu yalikuja yote kwa pamoja, na nikaomba niongezewe.